Kazi ya miezi tisa

Kila mwaka, Machi inapokaribia kwisha na mawingu ya masika yanaanza kujikusanya, hoteli nyingi za mwambao wa Unguja, kuanzia Nungwi na Kiwengwa mpaka Paje na Jambiani, hupunguza watu. Baadhi hufunga milango kabisa hadi Juni. Na kila mwaka, Julai ikishafika na vyumba vimejaa, husikika lawama ileile barazani na mikutanoni: Wazanzibari hawataki kazi za hoteli, vijana wetu wavivu, wanachagua kazi, wanaondoka bila kuaga, ndiyo maana wenye hoteli wanachukua watu wa Bara na Wakenya. Mambo haya mawili husemwa kwa nyakati tofauti na watu tofauti. Kwangu mimi ni jambo moja, na ningependa lijadiliwe kama jambo moja.

Tangu kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kipandishwe mwaka 2024 na kufika Sh 347,000 kwa mwezi, mjadala wetu wa ajira umekaa palepale kwenye kiwango hicho. Kinatosha au hakitoshi? Kitawaumiza wenye biashara ndogo au watakimudu? Ni maswali ya haki. Kazi si jambo la Muungano, Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na viwango vyake inajipangia wenyewe, kwa hiyo majibu ni lazima tuyatafute hapahapa. Lakini kiwango hicho ni cha mwezi, na watu hawaishi kwa mwezi mmoja.

Binti wa shangazi yangu anaishi Jambiani. Alifanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya karibu na kwao, mkataba wa Julai mpaka mwisho wa Machi. Kazi aliipenda. Alijifunza kutandika kitanda kwa namna ambayo sasa anawafundisha wadogo zake, na Kiingereza chake kikanyooka. Mkataba ulipokwisha, msimamizi wake, mtu mwema kwa maelezo yake mwenyewe, alimwambia: "Dada, msimu ukirudi tutakupigia simu." Simu ilipigwa Agosti, mwezi mmoja baada ya msimu kuanza, na yeye akakataa kurudi. Nilipomuuliza kwa nini, na mshahara nao umepanda, alinijibu kwa sentensi ambayo tangu siku ile haijanitoka: "Kaka, mshahara si mdogo. Mwaka ndio mrefu."

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu. Mtu anayelipwa Sh 347,000 kwa miezi 12 anapata Sh 4,164,000 kwa mwaka. Anayelipwa kiwango hichohicho kwa miezi tisa anapata Sh 3,123,000. Ukizigawa fedha hizo kwa miezi 12, maana mwenye nyumba na muuza duka hawasubiri Julai, mshahara wake halisi ni Sh 260,250 kwa mwezi. Robo nzima imeondoka, na hakuna aliyevunja sheria. Wapo wa miezi saba: hao wanapata Sh 2,429,000 kwa mwaka, sawa na Sh 202,417 kwa mwezi. Sheria inasema kima cha chini ni 347,000, mwajiri analipa 347,000, mkaguzi akija atakuta karatasi zote zimekaa sawa, na bado mfanyakazi anaishi mwaka wake kwa elfu mia mbili sitini na kitu kwa mwezi, au elfu mia mbili na kitu.

Nimeizungusha hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili hesabu ya kuzidisha na kugawa, kwa sababu ya kitu kimoja inachokionyesha. Chukua watu wawili. Mmoja analipwa Sh 347,000 kwa miezi minane, mwingine Sh 260,000 kwa miezi yote 12. Kwenye takwimu na kwenye hotuba, wa kwanza yuko juu ya mstari na wa pili yuko chini yake, tena mwajiri wa huyo wa pili anastahili kushitakiwa. Lakini wa kwanza anamaliza mwaka na Sh 2,776,000 na wa pili na Sh 3,120,000. Wa pili ndiye anayeweza kuingia kwenye upatu wa kila mwezi bila hofu ya kuwaangusha wenzake. Wa pili ndiye ambaye muuza duka atamwandikia deni la mchele Aprili akijua Mei atalipwa. Sisemi kwamba watu walipwe chini ya sheria. Nasema tumepima kitu kimoja na kuacha kingine, na hicho tulichokiacha ndicho kinachoamua kama mtu atarudi kazini akipigiwa simu au hatarudi.

Mapato ya mwaka ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko baharini.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivihivi vya Paje na Jambiani ambako leo hoteli zimeshikana. Wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi yenyewe inakwenda na maji: bamvua likija na maji yakapwa sana, wanawake wanateremka ufukoni, wanapigilia mambo, yaani vijiti vya kushikia kamba, wanafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vikamba vyembamba, wanang'oa uchafu, wanavuna. Maji mafu yakija wanarudi juu, wanaanika, wanashughulika na nyumba na watoto. Mwani unachukua kama wiki sita tangu kufungwa mpaka kuvunwa, na ukishavuna unaacha mbegu ya kufungia tena. Yaani shamba la mwani linaendelea kuwapo kwa sababu mwenyewe haachi kulihudumia. Ukiliacha miezi miwili, kamba zinachukuliwa na mawimbi, mbegu inakufa, na lile eneo lako atakuwa ameshaliingia mwingine.

Sasa mweke mwanamke huyu mbele ya mkataba wa hoteli wa miezi tisa. Zamu za hoteli hazijui bamvua. Siku sita kwa wiki, asubuhi au jioni kama ratiba ilivyobandikwa. Hawezi kufanya vyote viwili, kwa hiyo anauacha mwani. Miezi tisa ikipita anaambiwa aende nyumbani atapigiwa simu, na anarudi ufukoni mwezi wa Aprili bila kamba, bila mbegu, bila eneo. Akibahatika kuazimwa mbegu na jirani na kuanza upya, mavuno yake ya kwanza ni mwisho wa Mei, masika yakiwa hayajaisha, wakati jua la kuanikia halipo na mwani ukinyeshewa unaharibika. Misimu yake miwili ya riziki inakufa kwa wakati mmoja na kwa sababu moja, ambayo ni mvua. Mpangaji wa sera anayekaa Mjini anadhani masika yakija mtu wa hoteli "atarudi shambani kwake". Ni wakati uleule ambao shamba la baharini nalo halilipi.

Kwa mahesabu haya, anayeukataa mkataba wa hoteli si mvivu. Anakataa kuuza kitu cha kudumu kwa bei ya kitu cha muda. Najua kipato cha mwani ni kidogo. Kwa miaka mingi kilo ya mwani mkavu wa aina ya spinosamu haikufika hata Sh 1,000, na kotoni, aina yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwa ugonjwa na joto la maji mpaka wengi wameiacha. Hakuna anayeweza kusema kwamba mwani unashindana na Sh 347,000. Lakini mwani haujawahi kumwambia mtu asubiri simu.

Kijana wa kiume ana hesabu yake tofauti kidogo, ya pweza na ngisi na kamba za nanga, au ya bodaboda, lakini inafanana. Na kijana wa Pemba ana yake ngumu zaidi. Kule hoteli ni za kuhesabu, kwa hiyo anavuka kuja Unguja, anapanga chumba, na masika yakifika analipa kodi ya chumba kisicho na mshahara au analipa nauli ya meli kurudi na kuanza upya Julai. Kati ya watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar katika sensa ya 2022, Pemba walikuwa 543,441, na ndiko kwenye vijana wengi ambao utalii unawafikia kwa umbali tu.

Hapa ndipo linapojibika lile swali la watu wa Bara, na ningeomba tulijibu bila ubaya. Anayetoka Tanga, Mwanza au Mombasa kuja kufanya kazi Nungwi amekwisha kuacha kwao. Hana shamba la mwani la kulipoteza hapa, hana mama mgonjwa mtaa wa pili wa kumtazama jioni. Anakaa chumba cha wafanyakazi, zamu ya usiku haimsumbui, akiambiwa aongeze siku anaongeza, kwa sababu kila siku anayokaa bila kazi hapa ni hasara tupu kwake. Meneja anayaona hayo na kusema huyu anajituma. Anajituma kweli, na anastahili kila senti anayopata. Lakini tofauti yake na binti wa Jambiani haiko kwenye damu wala malezi. Mmoja akiikubali kazi hana cha kupoteza hapa, mwenzake anapoteza shamba. Ukimpeleka binti wa Jambiani akafanye kazi Arusha au Muscat, utaona naye anavyojituma.

Wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, waliandika jambo la namna hii mwaka 1970 wakiitazama Kenya. Walisema mtu wa kijijini hapimi mshahara wa mjini peke yake. Anapima mshahara ukizidishwa na uwezekano wa kuupata kweli. Hili walilitoa kwenye mambo yaliyokuwa yakionekana. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba ajira ziongezwe, sekta binafsi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali mishahara isimame. Nafasi zikaongezwa. Waliosikia habari hiyo vijijini wakaja Nairobi wengi kuliko nafasi zenyewe, na foleni ya wasio na kazi ikabaki palepale. Binti wa shangazi yangu hajapata kusikia jina la Todaro, lakini hesabu aliyoifanya Agosti ni hiyohiyo, na ameiongezea kipengele ambacho wale wawili hawakukizingatia sana: uwezekano wa kuipata kazi mwaka huu, na uwezekano wa kuikosa mwakani.

Sasa mwenye hoteli. Sitaki kumfanya jitu la hadithi, kwa sababu nimekaa na baadhi yao na hoja zao nzito ninazijua.

Ya kwanza ni kwamba masika hayakuletwa na yeye. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2023 walikuwa 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Ni wengi, lakini hawaji kwa mstari ulionyooka. Wanajaa Julai na Agosti, wanajaa tena Disemba na Januari, na Aprili na Mei wanakwisha. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane Jambiani, ambaye mara nyingi ni mzawa mwenzetu aliyejenga kwa kukopa, anaweza kukaa Mei nzima na wageni wawili. Ukimwambia awalipe watu kumi na wawili mwezi huo, unamwambia afunge. Huyu ndiye anayeumia zaidi kima cha chini kinapopanda. Hoteli kubwa ya vyumba mia mbili ina mahali pa kuuficha mzigo. Na mwaka 2020 ulitufundisha sote jinsi biashara hii ilivyo dhaifu: ndege zilipokata, watalii walishuka kutoka 538,264 wa mwaka 2019 hadi 260,644. Aliyekuwa na mikataba ya kudumu mwaka ule alipata usingizi mdogo kuliko sote.

Ya pili ni kwamba uaminifu ni wa pande mbili. Anamfundisha mtu kwa miezi mitatu, kuanzia namna ya kushika trei, na Disemba, wiki moja kabla ya Krismasi, mtu huyo anahamia hoteli ya jirani kwa Sh 50,000 zaidi. Hili ni kweli na linauma. Lakini ningemwomba ajiulize: mtu ambaye anajua kwamba Machi ataachwa, anakosa nini akiondoka Disemba? Mkataba wa muda mfupi unazaa uaminifu wa muda mfupi.

Hoja yao ya tatu ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu zaidi. Wanasema kazi ya msimu si jambo geni Zanzibar. Uchumi wetu wote umesimama juu yake. Watu wa Makunduchi na vijiji vya kusini walikuwa wakivuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, wanalipwa kwa pishi, msimu ukimalizika wanarudi kwao, na hakuna aliyedai kulipwa wakati mikarafuu haina kitu. Kwa nini hoteli idaiwe kile ambacho mkarafuu haukudaiwa?

Hoja hii inavutia, na kwa upande mmoja ni sahihi: hatuna haki ya kujifanya kwamba kabla ya hoteli kila mtu alikuwa na kazi ya mwaka mzima. Lakini angalia mchumaji alivyokuwa. Msimu wa karafuu ulimchukua kwa majuma au miezi michache, na kwao aliacha muhogo ardhini, ndugu wa kuupalilia na nyumba yake mwenyewe. Alikwenda kuongeza, hakwenda kubadilisha. Alilipwa kwa alichochuma, akijua pishi moja ni kiasi gani kabla ya kupanda mti. Msimu wa hoteli una urefu wa miezi saba, minane, tisa; unamchukua mtu mzima, siku sita kwa wiki, na kumtaka aache vingine vyote, kisha unamrudisha alikotoka kana kwamba alikotoka kulimsubiri. Ni mfupi mno kumlisha mwaka na mrefu mno kumruhusu awe na kazi ya pili. Mkarafuu haukuwahi kumweka mtu kwenye hali hiyo.

Kuna wanaosema dawa ni kuongeza tu kima cha chini mpaka miezi tisa ilishe 12. Kwa hesabu rahisi, ili mtu wa miezi tisa apate mwaka mzima wa 347,000, alipwe karibu Sh 463,000 kwa mwezi. Sina hofu na kima cha chini kama walivyo baadhi ya watu. Utafiti wa David Card na Alan Krueger wa mwaka 1994, juu ya migahawa ya New Jersey na Pennsylvania, ulionyesha kwamba kupandisha kima hakukuleta upungufu wa ajira uliotabiriwa, na Card alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi za namna hiyo. Katika kijiji chenye waajiri watatu au wanne wakubwa, mwajiri ana nguvu ya kuushusha mshahara chini ya unavyostahili, na sheria inaweza kuurudisha bila kumfukuza mtu. Lakini New Jersey watu hula mwaka mzima. Kupandisha mshahara wa mwezi hapa kwetu bila kugusa urefu wa mkataba kunampa mwajiri sababu mpya ya kuufupisha, kutoka miezi tisa kwenda minane. Na kwa somo la Nairobi, kutaongeza foleni getini kila Julai.

Ningependa watunga sheria wetu waitazame Hispania. Visiwa vya Balearic, Mallorca na wenzake, vinaishi kwa utalii wa kiangazi kama sisi tunavyoishi kwa kusi na kaskazi. Hispania ina aina ya mkataba ambao kwa Kiswahili tungeuita wa kudumu wenye vipindi: mfanyakazi ni wa hoteli moja kwa moja, lakini anafanya kazi msimuni tu, na msimu ukirudi mwajiri analazimika kumwita kwa utaratibu unaojulikana mapema. Asipomwita, inahesabika kuwa amemfukuza, na anadaiwa. Marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2021 yaliibana mikataba ya muda mfupi na kuwasukuma waajiri wengi kwenye aina hii. Wakosoaji wapo: wanasema wafanyakazi hao wakiwa nyumbani hawahesabiwi kuwa hawana kazi, kwa hiyo takwimu za serikali zinapendeza kuliko maisha yao. Ni lawama ya haki. Tena Mhispania aliye nyumbani anaweza kupata fao la kukosa ajira, na fao hilo ndilo linaloubeba mkataba. Tanzania Bara iliingiza fao la kukosa ajira katika sheria zake za hifadhi ya jamii mwaka 2018. Kwa upande wetu Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, uliundwa mwaka 1998, na sidhani kuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuuliza: mchango unaokatwa Julai na Agosti, miezi ambayo mtu ana pesa, unaweza kumrudishia kiasi gani Aprili na Mei?

Lakini hata kabla ya fao, kuna jambo lisilogharimu mwajiri shilingi. Haki ya kuitwa. Iandikwe kwenye mkataba: msimu ukifunguliwa, aliyefanya kazi msimu uliopita bila kosa anaitwa kwanza, kwa tarehe inayotajwa, na anapewa wiki kadhaa za kujibu. Orodha ikae Kamisheni ya Kazi. Mwenye hoteli ndogo asiye na pesa ya kulipa Mei hawezi kusema hana uwezo wa kupiga simu Juni. Anachopata yeye ni mtu aliyekwisha kufundishwa, na binti wa Jambiani anapata kitu cha kupangia mwaka: anajua kama ahangaike na kamba na mbegu mpya au asubiri.

Kwa hoteli kubwa ningeomba zaidi. Saa za ziada za Agosti na Disemba, ambazo wafanyakazi wengi wanazifanya na si wote wanaozilipwa kama sheria inavyotaka, ziwekewe daftari na zirudishwe kama siku za malipo katika masika. Na masika yenyewe yafanywe wakati wa darasa. Tuna chuo cha utalii cha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Maruhubi, tuna vituo vya Mafunzo ya Amali Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji. Aprili na Mei mpishi msaidizi angeweza kukaa darasani akatoka mpishi, na hoteli ikachangia posho yake badala ya kutafuta mpishi wa kigeni Julai. Uanagenzi unaounganisha darasa na hoteli si wazo jipya kwetu. Kinachokosekana ni kuupanga kwa kalenda ya mvua.

Ninajua kuna wakati hata haya hayatatosha. Zipo hoteli zinazobadilisha jina na mmiliki kati ya msimu na msimu, na orodha ya kuitwa itapotea njiani. Upo pia uwezekano kwamba mwajiri akibanwa na haki ya kuitwa ataanza kuwa mgumu zaidi kumwajiri mtu mara ya kwanza, hasa msichana aliyetoka skuli bila uzoefu, na huyo ndiye tunayetaka aingie. Sina jibu kamili, isipokuwa kwamba hata leo msichana huyo anaajiriwa kwa shida, na akiajiriwa anaachwa Machi.

Kinachonikera ni lile neno uvivu. Nimelisikia kwa watu wenye mishahara ya miezi 12, pamoja na likizo yenye malipo, likisemwa juu ya wanawake wanaoteremka baharini maji yakiwa magotini, wakasimama humo kwa muda wa saa nne, wakapanda na gunia la mwani mbichi kichwani. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi imeuweka Uchumi wa Buluu katikati ya mipango yake, na ndani ya uchumi huo utalii na mwani vinakaa pamoja. Kijijini havikai pamoja. Vinagombea mwanamke mmoja na ufuko mmoja, na hadi sasa hakuna sera iliyomuuliza anavipangaje.

Nilikwenda Jambiani mara ya mwisho siku ya bamvua. Binti wa shangazi yangu alikuwa kwenye maji na mama yake, wakifunga mbegu kwenye kamba mpya alizozinunua kwa pesa zilizobaki za hoteli. Nilimuuliza: wangekuandikia kwamba kila Julai nafasi ni yako, ungerudi? Hakusita. Alisema angerudi, na mwani angemwachia mama yake na mdogo wake, kwa sababu hapo angeweza kuwaambia wao nao wapange. "Lakini waandike," alisema. "Simu nimeshapigiwa."